Saladi Iliyobatizwa

Video yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika mbili kamili, na ndani ya hizo dakika mbili sikufundisha kitu. Nilisalimia tu. Nilisalimia watu mpaka simu ikakata. Hata leo watu wa kampuni wakinikuta njiani wanacheka kabla hawajanipa shikamoo, nami nacheka nao, kwa sababu mambo yale yaliisha vizuri. Lakini yalikaribia kuisha vibaya, tena vibaya sana, na nitayaeleza kama yalivyokuwa.

Kwanza niseme jambo la majina. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hesabu za kugawanya zilinishinda, lakini jina la mtu likiniingia kichwani halitoki. Nawajua watu wote wa banda letu, na watoto wao, na mama zao waliowazaa, hata yule dereva aliyekuja mara moja tu kushika zamu ya mwenzake aliyefiwa. Hapa sitamtaja mtu. Wengine bado wako kazini, na hakuna anayependa kosa lake liandikwe na jina lake pembeni. Kosa langu mimi nitaliandika lote.

Banda letu liko juu, upande wa Magamba, mahali ambapo ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na mtu hatoki nyumbani bila sweta. Kampuni inanunua mboga kwa wakulima wa huku: saladi, brokoli, liki, figili, njegere. Zinaletwa bandani asubuhi. Sisi wanawake tunazichambua, tunatoa majani yaliyoungua na yaliyoliwa na wadudu, tunazipanga kwenye kreti za plastiki, tunafunika kwa plastiki, na saa sita lori linateremka nazo. Linapita Soni, linakata kona zote zile mpaka Mombo, kwenye joto. Huko kuna ghala la kampuni. Wanapokea, wanapima, na kesho yake wanapakia gari kubwa la Dar es Salaam.

Tulikuwa wanawake kumi na wanne, na mimi ndiye mkubwa wao. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, alikuwa humo. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa humo pia, na ulimi wake alikuja nao kila siku, hakuwahi kuusahau nyumbani. Karani wetu alikuwa mwanamke wa Tanga mjini. Yeye baridi ilimtesa mwaka mzima; alikuwa anaandika kreti huku amevaa soksi mikononi.

Mwaka ule saladi ilianza kufika Mombo imeoza. Si yote. Kreti hii nzima, ya pili yake imelegea, rangi imekuwa ya mchicha uliopikwa, na harufu juu. Watu wa Mombo wakasema tunawafungia takataka. Sisi tukasema wao wanaziacha juani. Maneno yakapanda na kushuka na lori kila siku, dereva akawa kama mshenga wa posa iliyokataliwa. Mwishowe meneja akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akatuambia wazi.

"Mama zangu, mwezi huu ukiisha na hali ni hii hii, kuchambua kutahamia Mombo. Mboga zitateremka kwenye magunia kama zilivyotoka shambani. Banda hili tutalifunga."

Mombo kwa lori si mbali, lakini kwa miguu ya mama mwenye mtoto mgongoni ni mbali, na Mombo wana wanawake wao, hawangetusubiri sisi. Bandani tulikuwa tunakuja kwa miguu na kurudi jua lingalipo, tunaokota na kuni njiani. Wengine humo ndimo walimovalishia watoto sare za shule. Mimi humo ndimo nilimopona ujane wangu. Nilipofiwa nilikaa nyumbani miezi mitatu nikitazama ukuta, na lililonitoa pale kitini ni lile banda na kelele zake.

Meneja hakutuacha na kitisho kitupu. Alikuwa kijana wa mbali, mpole, anapenda mambo mapya. Akasema kila kituo cha kampuni kitajirekodi video, wafanyakazi wenyewe, bila mpiga picha, na kuziweka kwenye kundi la wasapu ambalo wote tumo. Vituo ni vitatu: sisi, banda la upande wa Bumbuli, na ghala la Mombo.

"Sitaki matangazo," akasema. "Nataka mtu aseme: tulikosea hivi, tukajifunza hivi, nyie wengine msirudie. Dakika mbili tu, bando lisiishe."

Sasa wewe wafikirie watu wa huku. Kwetu kosa la mtu linasemwa ndani, tena kwa kuzunguka. Mama akiwa na neno na mwanawe aliyeoa, haendi. Anatumwa shangazi, naye shangazi anaanza na habari za mahindi. Leo uliweke kosa lako kwenye simu, literemke mpaka Mombo kabla hujafika nyumbani! Wale wa Bumbuli walituma video wakiimba kama kwaya ya Jumapili, wamevaa vitenge vya sare. Walijifunza nini hatukujua, ila sauti ya pili ilipangwa vizuri. Wale wa Mombo wakatuma kreti iliyooza, mtu ameishika mbali na pua yake, anasema, "Zawadi kutoka milimani." Basi. Na wao somo lao likaishia hapo.

Ikawa zamu yetu. Wanawake wote wakainamia liki kama hawajasikia.

"Aanze mkubwa," akasema wifi yangu.

"Mkubwa ni wewe, wifi. Mimi mtoto."

"Mtoto! Una meno mangapi?"

"Yaliyobaki yananitosha kukujibu wewe."

Wakacheka, na kwa kicheko hicho nikajikuta nimeshasukumwa mbele. Somo nilikuwa nalo. Nilitaka kueleza namna ya kukata shina la saladi kwa kisu chenye makali ili jani la chini lisichubuke. Karani akanisimamisha karibu na mlango penye mwanga, meza ya kufungia ikiwa nyuma yangu, akainua simu yake kwa mikono miwili, soksi akiwa amezivua kwa heshima ya kazi.

"Bibi, nikiinua kidole, anza."

"Naanza na nani?"

"Na simu."

"Simu haina umri. Nitaisalimiaje?"

"Sema tu hamjambo."

"Kule Bumbuli kuna mzee wa stoo amenizidi mwaka. Nimwambie hujambo?"

"Bibi, wallahi kidole kimechoka."

Nikaanza. Nikampa shikamoo yule mzee wa stoo kwa jina lake na la baba yake, nikamuuliza mguu. Nikawasalimia wanawake wa Bumbuli mmoja mmoja, maana ukimtaja wa kwanza na wa pili, wa tatu atauliza amekosa nini. Nikawasalimia madereva. Nikampa meneja pongezi za mtoto. Nikamfikia mpokeaji wa mizigo wa Mombo, yule yule wa zawadi kutoka milimani, nikamtaja kwa jina, nikampa pole ya msiba wa mama yake, ambaye nilimjua tangu anauza ndizi pale njia panda. Nikamtaja na mama kwa jina lake la usichana. Halafu nikasema, "Na sasa kuhusu saladi," na simu ikakata.

Karani alicheka mpaka akakaa juu ya kreti tupu.

"Tufute turudie," nikamwambia.

"Bando lililobaki ni la kutuma moja, bibi. Na meneja anaitaka kabla ya lori kuondoka."

Ikatumwa hivyo hivyo, pamoja na aibu yangu.

Haikuchukua muda, sauti ya yule mpokeaji ikatoka kwenye simu, na karani akaiongeza ili wote wasikie. "Shikamoo bibi! Huku tumesalimiwa mpaka tumeshiba. Kreti za jana kumi zimeoza, lakini salamu zimefika nzima, hazina hata doa!"

Banda zima likaanguka kicheko, na mimi nikiwemo. Ungefanya nini?

Kesho yake asubuhi akatuma sauti nyingine. Safari hii hakuwa anatania, au nusu tu.

"Bibi, ile video nimeitazama mara nne. Ni kwa ajili ya pale ulipomtaja mama. Hakuna mtu anayemtaja kwa jina lile tena. Sasa mara ya nne nikaacha kukutazama wewe, nikatazama nyuma yako. Yule nani anabatiza saladi?"

Tukainama wote juu ya simu ya karani, vichwa vikigongana. Nipo mimi, naongea, mkono unapanda na kushuka. Na nyuma ya bega langu, kwenye meza ya mwisho, yupo mwanamke mwenye kilemba cha bluu. Ana ndoo. Anachovya kifungu cha majani ndani ya maji, anakung'uta juu ya kreti, mara tatu, kwa adabu kabisa kama mchungaji kanisani, anafunika. Anavuta kreti nyingine. Anachovya. Nikiwa namsalimia mzee wa stoo, amebatiza mbili. Nikifika kwa madereva, amebatiza nne.

Alikuwa mkwe wangu.

Nieleze hapa, maana mtu wa mbali hataelewa. Kwetu mboga inanyunyiziwa maji. Nenda sokoni Lushoto siku ya gulio utaona: kila mwanamke ana kopo lake, na majani yanang'aa kama yametoka kuoga. Asiyenyunyiza anaonekana mvivu, mboga yake inachoka kabla ya saa sita. Mkwe wangu alipoolewa, ni mimi niliyemkalisha kando yangu gulioni nikamwonyesha: chovya, kung'uta, si nyingi, si kidogo. Alijifunza upesi. Tulipoingia bandani tukaendelea hivyo hivyo, yeye na mimi na wawili tuliokuwa tunauza nao zamani. Wengine hawakuwa na desturi hiyo. Hakuna aliyetuambia tunyunyize, hakuna aliyetuambia tuache. Lilikuwa jambo dogo mno, kama kupangusa pua. Nani angelirekodi?

Mpokeaji akaeleza polepole. Saladi imetoka kwenye baridi yetu, ina maji juu yake, imefungwa ndani ya plastiki, inaingia Mombo mchana kwenye joto lile. "Hapo si kubatiza tena, bibi," akasema. "Hapo ni kupika."

Meneja naye akaandika kwenye kundi: Nani amefundisha hivyo? Nakuja kesho.

Mara hii hakuna aliyecheka. Macho yote yakaenda kwenye kilemba cha bluu. Mwanamke mmoja, ambaye jina lake ninalo na nitakwenda nalo kaburini, akasema bila kuinua kichwa, "Kumbe banda letu linafungwa kwa ajili ya ndoo ya mtu mmoja." Mwingine akasema labda huyo akiondolewa, meneja ataridhika. Mkwe wangu akamwaga maji ya ndoo nje, akaifunika, akarudi mezani kuchambua njegere. Hakusema neno.

Na mimi? Mimi pia sikusema neno. Nilikaa na kisu changu mkononi, nikakata mashina.

Jioni tulirudi pamoja kama kawaida, mimi mbele yeye nyuma, kuni zangu amezibeba juu ya zake. Tulipofika pale kijito kinapokata njia nilisimama.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini, mama?"

"Useme aliyekufundisha."

Akavuka kijito kwanza, akanipa mkono nivuke. "Ningesemaje, mama?" akasema. "Ningesimama mbele ya watu niseme ni mama?"

Hakulaumu. Ndivyo nilivyomlea mwenyewe, na ndivyo mama yake alivyomleta kwangu. Mkwe hamweki mama mkwe wake mdomoni. Angefukuzwa kazi na heshima yake mkononi, na mimi ningebaki bandani na meno yangu yaliyobaki.

Asubuhi nilifika kabla ya wote. Meneja aliposhuka kwenye gari sikumwacha hata afunge mlango.

"Mwanangu, aliyefundisha ni mimi. Huyu binti amefanya nilivyomwambia."

Akanitazama. "Asante kwa kusema, bibi."

"Lakini," nikamwambia, "maji hayajaharibu kitu."

Ndiyo, nilisema hivyo. Sitajipamba. Nimenyunyiza mboga tangu kabla huyo meneja hajazaliwa, na mama yangu alinyunyiza kabla yangu. Kosa la kumwachia mkwe wangu mzigo nilikuwa nalijua. La maji sikuliamini. Nilijua ni watu wa Mombo na jua lao.

Meneja hakubishana. Karani wa Tanga ndiye aliyekata shauri. "Jamani, simu si ipo? Tufunge kreti za maji na kreti kavu, tuzitie alama, tujirekodi tukifunga, na wao wajirekodi wakifungua. Atakayesema uongo ataonekana."

Nikakubali haraka, kwa kiburi. Mkwe wangu akapanga kreti zote kwa mkono wake, ili asije mtu akasema mikono ilikuwa tofauti. Tatu tukazifunga kamba nyekundu: hizo za maji. Nikanyunyiza mwenyewe.

"Polepole, wifi," akasema wifi yangu, "usije ukaizamisha kabisa."

"Wewe subiri kesho."

"Nasubiri. Na Mombo wanasubiri na taulo."

Tatu nyingine zikaachwa. Saladi hizo tulizitandaza kwanza juu ya waya wa mabanda ya kuku mpaka umande wa shambani ukauke, ndipo tukafunika. Lori likaenda nazo.

Usiku ule sikulala vizuri, na sioni haja ya kusema zaidi.

Video kutoka Mombo ikaja saa tatu asubuhi. Karani aliiweka simu juu ya kreti iliyosimamishwa, tukajikusanya kama watu wanaotazama harusi. Mpokeaji amesimama ghalani, jasho linamchuruzika shingoni, saa tatu tu ya asubuhi. Akaonyesha kamba nyekundu, akakata, akafunua. Alichukua saladi moja akaibonyeza kwa kidole, na kidole kikaingia kama kwenye uji. Akaiweka chini. Akafunua kreti kavu, akatoa saladi, akavunja jani karibu na simu. Kach! Sote tulisikia. Halafu akalila, jani zima, bila chumvi.

Nilitegemea atanirushia neno. Nilikuwa nimejitayarisha, hata jibu nilikuwa nalo. Akasema tu, "Bibi, pole," na video ikaisha.

Pole ile iliniuma kuliko zawadi zote za milimani.

Wanawake walinipisha. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe, ukungu ukanifunika, nikafikiri habari za kreti. Zote zile zilizooza, watu waliamka alfajiri kuzivuna. Mkulima aliyepinda mgongo, dereva aliyekata kona, halafu mkono wangu mmoja na kopo. Niliona aibu, lakini nilijua pia kwamba aibu ikikaa nje juu ya jiwe haitasaidia banda. Siku zilikuwa zimebaki chache kabla ya mwezi kwisha. Nikarudi ndani.

"Karani, bando lipo?"

"Lipo, bibi. Nimenunua kwa ajili yako."

"Inua kidole."

Safari hii nilimaliza salamu kwa pumzi moja, nikawaomba radhi wakubwa zangu. Nikasema: Aliyekosea ni mimi. Huyu mkwe wangu mliyemwona amefanya niliyomfundisha gulioni, na gulioni ni sawa, kwa sababu mboga ya gulioni inaliwa jioni ile ile na haijafungiwa kwenye plastiki. Ya kwenye kreti ni nyingine. Ya kwenye kreti haitaki maji yangu, haitaki hata umande wa Mungu. Itandazwe juu ya waya, ipigwe upepo, jani likauke, ndipo ifunikwe. Nyie wa Bumbuli najua mna akina mama wa gulioni kama mimi; nawajua kwa majina, msijifiche. Acheni.

Kisha nikamvuta mkwe wangu aje mbele aonyeshe namna ya kutandaza, maana mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Hakutaka. Nikamwambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya mama mkwe, na akaja. Alionyesha bila kutazama simu hata mara moja, ila mwishoni nilimwona anatabasamu kwenye saladi.

Karani akashusha simu. "Dakika moja na nusu, bibi! Umebakiza!"

"Ningejua ningewasalimia na watoto wao."

Nilidhani nimemaliza, kumbe nilikuwa nimefungua mlango. Siku mbili baadaye ikaja video ya Bumbuli, bila kuimba. Yule mzee wa stoo, mguu ameunyoosha juu ya gunia, akasema wazi kwamba na wao wananyunyiza, tena yeye mwenyewe ndiye anayewachotea maji, na pia kuna siku alipakia njegere chini na kabichi juu, zikapondeka, akanyamaza. Mzee mwenye umri ule! Wanawake wetu walishika vifua. Halafu Mombo wakaona wamebaki peke yao bila dhambi, na mtu asiye na dhambi katika kundi la namna ile anaonekana mwongo. Mpokeaji akajitokeza, akakuna kichwa, akasema kwamba mara nyingine lori likifika wakati wa chakula, kreti zinakaa nje kidogo.

"Kidogo kiasi gani?" wifi yangu akaipigia simu kelele, kana kwamba anasikia.

Video ikaendelea: "Kidogo mpaka tumalize kula."

"Na wanakula nini huko, ngamia?"

Lakini hakukuwa na sumu tena. Walianza kuziingiza kivulini kwanza, ndipo wakala, na walijirekodi wakifanya hivyo, sahani zimefunikwa zinasubiri. Sisi tukaomba waya mwingine, tukaunga meza mbili. Wale wawili wenzangu wa gulioni walikuja kunong'ona kwamba hata wao walikuwa wananyunyiza. Nikawaambia najua, na nani asiyejua, sasa geuzeni hiyo saladi. Yule aliyesema habari za ndoo ya mtu mmoja alimletea mkwe wangu viazi kwenye kapu. Habari za ndoo hakuzitaja, wala mkwe wangu hakumuuliza. Kapu lilirudishwa na maharage ndani.

Kreti zilizooza zikapungua, siku nyingine ikapita nzima bila hata moja. Mwezi ukaisha. Tulikuja kazini asubuhi ya kwanza ya mwezi mwingine tukitazamana, kila mtu anajifanya hakumbuki ni tarehe gani. Meneja hakuonekana. Wala siku ya pili. Mkwe wangu akaniuliza njiani, "Mama, watatuambia au watafunga tu?" Nikamwambia mimi sijui, wewe tembea.

Siku ya tatu lori likapanda kutoka Mombo mapema kuliko kawaida, na halikuwa tupu. Lilibeba mabati mapya, yamefungwa kwa kamba, yanagongana kila kona mpaka tuliyasikia kabla hatujaliona. Nyuma yake gari la meneja. Akashuka, akasalimia, akamwambia fundi aliyekuja naye apande atazame paa letu, lile lililokuwa linavuja juu ya meza ya brokoli. Kuhusu kufunga hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza. Wifi yangu alishika ubao wa mlango, akasema kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Mtu haezeki nyumba anayoihama."

Wanawake wakatoka kupokea mabati, wawili wawili, kila ncha na mtu wake. Mkwe wangu na karani walishika moja, karani akilalamika kwamba bati lina baridi kama kaburi. Meneja akaja akasimama kando yangu.

"Bibi, kuna na fedha ya dirisha moja. Tuliweke wapi?"

Nilimpeleka mpaka kwenye ukuta wa upande wa msitu, nikamwonyesha kwa kiganja. "Hapa," nikamwambia. "Upepo unatokea hapa. Toboa kubwa."